Aliye Juu

Nilipanda ngazi mia na arobaini za Cerro Larraín
nimebeba kioo mgongoni, kirefu kunishinda,
mawingu yakipita kisogoni mwangu
na mbwa wa Valparaíso wakijibwekea wenyewe.
Keekee begani, kulabu sita mfukoni,
pimamaji kiunoni kama jambia.
Mimi Nolberto Ahumada, fundi wa fremu,
miaka thelathini na mmoja nanyoosha vya watu.

Doña Eduvina akafungua, mikono ina unga.
"Kiweke chini," akasema. "Kiegemee."
Nikamwonyesha kulabu. Akazitazama
kama mtu aonyeshwaye meno ya mtu mwingine.

Kwake hakuna kilichopanda.
Picha ya meli ya chumvi imekaa sakafuni,
mgongo ukutani, kama mtu aliyeshiba maharage.
Juu ya kabati fremu zimesongamana,
hii inachungulia begani mwa ile:
ramani ya treni zisizokwenda tena,
malimau mawili na bilauri,
na nyuma ya malimau, mwanamke nusu,
jicho moja, kipuli kimoja.
"Nusu yake yanitosha mwezi huu," akasema.
"Mwezi ujao malimau yatarudi nyuma."

Nikasema nyumba yaonekana ya mtu anayehama.
"Nahama," akajibu. "Mwaka wa kumi na tisa huu,
sijafika mlangoni."

Kuegemeza si kazi ndogo, msinidharaulie.
Ukikisimamisha mno kioo, kitakurukia;
ukikilaza mno, miguu itateleza
kama ya mlevi aliyekuwa akikueleza jambo.
Akakata mpira wa baiskeli kuukuu,
akautia chini ya pembe mbili.
Kiganja kimoja na vidole viwili kutoka ukutani:
ndicho kipimo chake. Changu hakukiuliza.

Kioo kilichotundikwa hukutazama usoni.
Kilichoegemea huanza na viatu.
Nikaviona vyangu, vumbi la ngazi zote,
kisha kitambi, kisha kidevu kwa chini,
pembe ambayo mke wangu pekee huijua.
Juu yangu dari na doa lake la mvua,
na dirishani bandari imelala upande,
winchi zimeinama, makontena yanapanda mbinguni.
Paka akaja, akakuta paka.
Wakaafikiana.

Jumanne, saa tisa usiku, ardhi ikajikuna.
Kwangu, huku bondeni,
vyote nilivyovinyoosha kwa pimamaji vikashuka,
kimoja kimoja, kwa adabu, kama abiria.
Picha ya ndoa yetu ilitangulia.
Misumari haikutikisika. Misumari yangu ni mizuri.
Kamba ndizo zilizochoka.

Alfajiri nikapanda tena, sikuitwa,
sina keekee, sina kitu mgongoni.
Mlango wazi, harufu ya mkate.
Kioo kilikuwa kimesogea unene wa dole gumba,
sasa kinaonyesha dari zaidi, viatu kidogo.
Malimau yameteleza pembeni
na yule mwanamke anatutazama kwa macho yote mawili.
"Ametoka mwenyewe," Doña Eduvina akasema,
"hakungoja zamu."
Aliye juu, husemwa, mngoje chini.
Yeye kangoja miaka yote hiyo
na siku yenyewe ilipofika hakunicheka.
Aliniuliza tu: "Rosalba hakukatwa na kioo?"

Hakukatwa. Alikuwa amefagia nilipofika,
vigae vyote ndani ya gazeti,
na nyundo ameiweka mezani, upande wangu.
Sikuishika.
Nikaiegemeza picha kando ya jiko, nyuma ya birika,
bila kioo chake, kona moja imekunjika.
Tumelala chali kidogo humo, mimi na yeye,
tunatazama dari,
kama watu waliokwisha zima taa na bado wanazungumza.

Msumari ungali palepale juu.
Rosalba hutundika hapo kitambaa cha vyombo.