Hesabu ya Matonge

Karatasi aliyonipa muuguzi Numbi
ina tofaa, pointi moja; ina jibini, tatu;
ina mkate wa kahawia, ambao Katuba nzima
sijauona mkononi mwa mtu.
Bukari haumo.
Sombe haimo. Ndakala hawamo.
"Utakadiria, Mama Kyembe," akasema,
huku akitafuta ufunguo wa zahanati.
"Ishirini na mbili kwa siku. Usizidishe. Magoti hayo bado unayahitaji."

Basi nakadiria.
Mimi ni fundi wa nguo, kupima ndiyo kazi yangu.
Nakijua kiuno cha mke wa mchungaji
tangu kilipokuwa sabini na nne,
na siri hiyo imelala katika daftari hili hili
ambalo sasa, kuanzia nyuma, naandika:
asubuhi, chai bila sukari, sifuri.
(Sifuri ni chungu kuliko chai.)
Kitumbua cha Yaya Feza pale kona, nne.
Nusu yake, mbili.
Kile nilichokitazama tu
mpaka Feza akauliza kama nina deni naye,
hicho bado sijakipa namba.

Mawese, inasema karatasi, kijiko kimoja, tatu.
Kijiko!
Nani humimina mawese kwa kijiko?
Sisi humimina mpaka sombe ing'ae
kama kiatu cha bwana harusi,
kisha tunaongeza kidogo, kwa ajili ya wageni.

Lakini mchana si kitu. Mchana niko peke yangu na cherehani.
Umeme ukikatika nakanyaga kwa mguu,
na kukanyaga, alisema Numbi, kunapunguza.
Taabu ni jioni:
watu saba, sahani moja.
Nitajuaje langu limeishia wapi
na la wifi yangu limeanzia wapi?
Nalifinyanga tonge la kwanza, kitunguu kidogo: moja.
La pili. La tatu, lenye mchuzi, tuseme moja na nusu.
Kyembe, kitinda mimba, ananikazia macho.
"Mama, unaomba?"
Midomo, kumbe, ilikuwa ikicheza.
"Naomba," nasema.

Na neno hilo likanirudisha
hadi mwaka ule Kampuni ilipoacha kulipa,
baba ameketi ukumbini
na kofia yake ya chuma magotini
kama mtu anayengoja basi.
Tulikuwa wanane. Unga wa kopo moja.
Mama akitugawia, midomo ikimcheza
taratibu, bila sauti,
nasi tukinyamaza kwa heshima ya Mungu.
Lake halikuwepo kamwe.
"Nimeshaonja jikoni," alikuwa akisema,
na kwenye jiko lile sufuria ilikuwa moja tu,
na tuliiona sote, imekauka.

Sikuwahi kumuuliza alikuwa akiomba nini.

Leo Kyembe kanisukumia mnofu wa samaki,
upande wenye mafuta, ule anaoupenda yeye.
"Kula, Mama. Huli siku hizi."
Nikala. Nikalamba na vidole.

Alhamisi: ishirini na sita.
Pembeni, kwa kalamu ya chaki ya kukatia nguo,
nimeandika: nne ni za marehemu.
Numbi atauliza. Na aulize.
Utepe nimeuzungusha kiunoni kabla ya kulala:
sentimita moja imepungua,
ama nilivuta pumzi.