Sukari Iliisha

Nimelipa franka elfu tano mlangoni,
nimepigwa mhuri wa buluu mkononi kama gunia la maharagwe,
nimeketi safu ya nne, ukumbi wa parokia, Kadutu,
viatu vimebeba udongo wote wa ngazi zetu.
Mvua imetusindikiza hadi ndani.

Yeye ni mdogo kuliko sauti yake.
Hilo sikulitarajia.
Koti la kijivu, mikono yake imemeza vidole,
kofia ameivua akaiweka juu ya spika
kama mtu aliyekuja kudai, si kuimba.
Mzee Zihalirwa wa Walungu,
niliyemjua miaka thelathini bila uso.

Analaza lulanga mapajani.
Anagonga mbao mara mbili, anabisha hodi,
halafu nyuzi,
na baba yangu anarudi kutoka kiwanda cha kwinini,
shati linanuka uchungu wa magome,
anaweka redio mezani, anapuliza vumbi, anasema:
"Nyamazeni. Mtu anaongea."
Hakusema hata siku moja kwamba mtu anaimba.

Kaseti ilikuwa moja. Tuliirudisha nyuma kwa kalamu ya Biki
ili betri zisife mapema.
Ndipo Mugisho, miaka minne, peke yake sebuleni,
akabonyeza kile kidude chekundu.
Tangu siku hiyo, katikati ya wimbo wa ng'ombe, pana tundu:
nyuzi zinakatika, jogoo wa jirani, sufuria,
na mtoto anauliza karibu kabisa na sikio lako,
"Mama, sukari iliisha?"
Kisha lulanga tena, kana kwamba hakuna aliyeuliza.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza wimbo huo.
Hivyo ndivyo nilivyowaimbia wanangu, na sukari ndani yake.
Wao hudhani mzee mwenyewe ndiye aliyeikosa.

Mugisho alikwenda kuchimba Shabunda.
Mlima ulishuka. Hatukuletewa hata kiatu.
Baba akaifunga kaseti ndani ya leso;
hakuisikiliza, hakuitupa.

Wimbo wa tatu, umeme unakatika, kama kawaida yake.
Miluzi. Simu zinawashwa moja moja.
Mama mmoja huko nyuma anaagiza kasiksi gizani bila aibu.
Mzee hasimami. Anavuta kiti mbele
hadi nasikia ukucha wake ukigusa uzi.
Anaanza ule.

Najua anapovuta pumzi. Najua anapokohoa,
ingawa leo hakohoi.
Tunakaribia. Moyo unashuka ngazi mbili mbili.
Miaka yote hii niliamini kwamba pale penye tundu
palikuwa na neno kubwa, la kifo au la Mungu,
neno ambalo baba alikuwa nalo na sisi watoto tukamnyang'anya.

Ni deni.
Mtu wa Kabare alikopa ndama, akarudisha mbuzi,
na mbuzi mwenyewe anachechemea.
Ukumbi mzima unacheka. Jirani yangu ananipiga bega.
Mzee naye anachekea ndani ya kola.

Lakini mdomo wangu umekwisha kusema,
wenyewe, kwa wakati wake, bila kukosa pigo:
"Mama, sukari iliisha?"
Nimesema chini. Hakuna aliyegeuka.
Yeye labda; alichelewa uzi mmoja,
kama mtu anayempisha mtoto mlangoni.

Nje mvua imekuwa manyunyu.
Motari wanaita, nawakataa, nateremka kwa miguu.
Kwa Nshokano mshumaa bado unawaka dirishani.
Nampa noti iliyolowa, naomba sukari, kikombe kimoja.
Nyumbani ipo, tena tele.
Ananiuliza: ya chai au ya uji?
Nasimama pale, mfuko mkononi,
natafuta jibu.