Kisu cha Kuazima

Kisu si changu. Ni cha Mama Kasoki wa Birere.
Nilikiazima Jumamosi, cha kukatia nyama ya harusi,
na huyu mpwa wangu Muhindo, kwa bidii zake,
akakiosha kwa mchanga mweusi wa volkano
kama anayesugua masizi ya sufuria.

Ubapa uliokuwa kioo umeingia ukungu:
mikwaruzo myembamba, manyoya ya paka.

Nimekaa kizingitini. Umeme umekatika,
afadhali; mikwaruzo huumbuliwa na jua la pembeni.
Msasa laini kabisa, ule wa kijivu wa mafundi magari,
nimeuvisha kipande cha ndala,
matone mawili ya mafuta ya cherehani.
Toka mpini, nenda ncha. Inua. Rudi mpini.
Usiende ukarudi kama anayefagia ua.
Makali yatazame nje, mbali na gumba.
Pole.
Pole tena.
Kisha kitambaa cha shati kuukuu na dawa ya meno,
njia ileile, bila pupa.

Mkono umekufa ganzi, ila manyoya yanang'oka,
na jicho langu linarudi ndani ya chuma,
likipepesa.

Ndipo naukuta mmoja karibu na mpini,
mfupi, wa zamani, umezama. Huu si wa Muhindo.
Kidole kinawasha: dakika kumi tu, umalize.

Lakini Mama Kasoki akirudishiwa kitu chake
hakitazami. Hukipapasa.

Nakunja msasa.
Nauacha palepale,
apate pa kukitambulia.