Kwa Mkono wa Kushoto

Msumeno haukubadili sauti.
Saa nne na robo, karakana ya Pasua,
ubao wa grevilea ulificha fundo,
na kinga ya msumeno ikining'inia ukutani tangu Pasaka:
inachelewesha kazi.

Ndeshi alinifunga kanga yake,
akaokota kidole, akakitia kwenye mfuko wa maandazi,
akamfokea bodaboda: "Mawenzi, upesi!"

Jioni tajiri akaja na machungwa
na karatasi iliyokwisha kuandikwa:
amejikata nyumbani, akipasua kuni.
"Wewe tia sahihi tu, Elisaria."

Nikala chungwa moja.
Nikaomba kalamu.
Kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba
kama za mtoto wa chekechea,
nikaandika: saa nne na robo.
Pasua, si nyumbani.
Kinga ilikuwa ukutani.

Nakala anayo Ndeshi.