Kufuta "Kama"

Ubao wetu umeegemea jiwe nyuma ya kanisa la Igombe,
maana ndani kwaya ya akina mama iko mazoezini
na mwalimu wa watoto hashindani na ngoma.
Jumapili ile chaki ilibaki ya ukubwa wa jino.
Niliandika TASHBIHI, na chini yake:
Mungu ni kama mwamba.

Lushinge alinyoosha mkono kabla sijageuka.
"Mwamba kama huu, mwalimu?"
Akaugusa kwa kiwiko.
"Maana huu uliporomosha kipande mwaka juzi
ukaponda banda la babu. Mbuzi watatu,
na mmoja alikuwa na mimba."

Nilikuwa nimeandaa uthabiti.
Nilikuwa nimeandaa kimbilio,
nimeyapanga daftarini kwa wino mwekundu.
Mbuzi sikuwa nimemwandaa.

Nikasema, mfano ni nguo ya kuazima,
bega likienea, kiwiko hubaki nje.
Tumechukua kule kutotikisika kwake;
kile kipande tumwachie babu.
Lushinge akaandika.
Sijui aliandika nini.

Tashihisi haikutusumbua.
Ziwa likipiga mwayo, samaki huona meno:
niliwapa mstari huo wahesabu mizani kwa vidole,
wakagombana mawimbi ni meno au ni ulimi,
hadi Sumbuka, ambaye hasemi, akasema,
"Ni ulimi. Linaramba mchanga kila siku na halishibi."

Kisha sitiari.
Nikalamba kidole, nikafuta neno moja.
Mungu ni          mwamba.
Pengo likabaki pale, bichi, katikati ya sentensi.

Nikawaambia: Yesu alipojiita mlango
hakutanguliza kama.
Alipojiita mkate hakutanguliza kama,
na waliomsikiliza walikuwa na njaa ya kweli.
Nikawaambia Kiswahili chetu kina ujanja wake:
kama ya kufananisha na kama ya mashaka
ni neno moja, herufi zile zile nne.
Anayesali anazijua zote mbili.
(Hilo la mwisho halikuwa kwenye daftari.)

Zoezi: andika Mungu ni,
halafu kitu ulichokishika kwa mkono wako wiki hii.

Mungu ni sabuni ya mche.
Mungu ni taa ya sola, inakula jua mchana
ili wavuvi wasipotee.
Mungu ni penati ya dakika ya tisini.
Huyu nilimpa nusu alama, na nusu nyingine
nikamwambia aiombe kwa kipa.

Mbuke alileta karatasi iliyonuka samaki:
Mungu ni mama Nyanzobe wa nyumba ya pili
anaanua dagaa wetu mvua ikija
sisi tukiwa hospitali na mtoto.

Niliisoma nimesimama.
Zoezi lilitaka kitu, si mtu;
na mchungaji, najua, angeniita pembeni.
Lakini nilisema, "Sitiari safi, Mbuke.
Umeikumbuka kuiacha kama."

Akanitazama kama mtu
anayesubiri mwenzake amalize utani.
"Sikuiacha, mwalimu. Haikuwepo.
Aliwaanua kweli. Beseni nne.
Yeye wake wakalowa."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.
Pembeni niliandika SITIARI, nikaikata.
Niliandika HABARI, nikaikata pia.
Ndani, sauti ya tatu ilikosea tena pale pale,
wakaanza upya.

Wingu lilikuwa limesimama upande wa Kayenze,
jeusi, limekunja mikono.
Nikawaruhusu mapema, wenye dagaa nje wakimbie,
na wasio na dagaa, nikasema,
wakimbie pia.

Nilipogeuka kukusanya vitu vyangu
unyevu wa kidole changu ulikuwa umekauka ubaoni
na neno limerudi, hafifu,
kama chaki irudivyo ukiifuta kwa mate:
Mungu ni kama mwamba,

ile ya mfano au ile ya mashaka,
sikuweza kujua.
Tone la kwanza likaanguka juu ya jiwe.
Nikaacha ubao, nikashuka kwa Mbuke.