Makabidhiano

Nyemo, keti. Jiwe lile la pili,
hili la kwanza lina sisimizi.
Mji huu wa ofisi umetuzoesha kukabidhi kwa maandishi,
basi nami nimeandika, nyuma ya risiti za saruji,
maana karatasi nyingine klabu haina.

Mipira miwili. Mmoja una pumu,
usiwape wageni huo.
Jezi kumi na nne. Ya kumi na tano anayo Masima,
aliondoka nayo kwenda Mpwapwa kuoa,
nasi hatukuwa na uso wa kumdai bwana harusi.
Magoli ni milingoti ya mkaratusi.
Ule wa kusini umeshaonjwa na mchwa:
upake oili chafu kabla ya mvua za Desemba.

Sasa uwanja.
Nkuhungu hatuna nyasi, tuna mbigili.
Saa kumi na nusu, kabla ya filimbi,
mnapanga mstari, bega kwa bega, chaki hadi chaki,
mnainama, mnaokota.
Kocha huanzia kule kichakani, kwenye miiba mingi.
Mkimaliza, vua viatu,
utembee peke yako hadi katikati na kurudi.
Sijawahi kutoa hotuba
iliyowanyamazisha kama nyayo zangu.

Mwezi wa saba, upepo ukija na lile vumbi jekundu,
mpira uliopigwa juu hukurudia kama deni.
Chezeni chini. Chezeni kwa mikono.

Wapita njia wenye mafaili kwapani watakuuliza:
mchezo gani huu, kwenda mbele kwa kurusha nyuma?
Usieleze. Nilieleza miaka tisa,
sikupata hata mwanachama mmoja.
Chidawali alikuja kwa sababu mbuzi wake
waliingia uwanjani katikati ya skramu;
akawafuata, akaona upande mmoja umeelemewa,
akaweka fimbo chini, akasukuma.

Chidawali.
Hili halimo kwenye risiti.
Mechi na vijana wa Morogoro, tuko nyuma pointi mbili,
zimebaki dakika kumi, akanijia
ameshika mkono wake kama anayebeba mtoto wa mtu.
"Kocha, hili bega si langu tena."
Nilikuwa na mchezaji wa akiba.
Nilikuwa na macho.
Nikamwambia, "Kaza."
Akakaza.

Tulishinda, Nyemo. Ile picha dukani kwa Mama Senyagwa,
sote meno nje, itazame vizuri:
yeye anashangilia kwa mkono mmoja.
Hadi leo ndoo ya maji huibeba kwa kushoto.
Hajanilaumu hata siku moja,
na mimi kila Jumamosi nangojea anilaumu.

Kwa hiyo mtu akikwambia bega si lake,
usiangalie ubao wa pointi. Mwamini.

Mengine utayajua mwenyewe.
Nani hana nauli na anasingizia mtihani.
Mazoya ukimfokea anaharibu;
Ndalu usipomfokea anadhani humpendi.
Mwenyekiti atataka mpwa wake awe nahodha.
Mpe huyo mpwa madumu ya maji, wiki tatu.
Akiyafikisha bila kununa, mfikirie.

Mimi nimesomea nini? Kusoma mita za maji.
Nyumba kwa nyumba nimejifunza hili moja tu:
pakiwa pakimya na bili inapanda,
bomba linavuja chini ya ardhi.
Msikilize sana anayenyamaza.

Nilikuwa na maneno mazuri ya kumalizia,
niliyafanyia mazoezi njiani tangu Kizota,
yamenitoka.
Shika filimbi.
Ioshe, ina mate yangu.
Na usiipige bado.
Miiba kwanza.