Kibao cha Mlangoni

Etelka husoma milango.
Mwaka wa thelathini na moja huu, chumba cha chini,
hospitali moja ya Debrecen, dirisha usawa wa viatu vya wapita njia.
Usimwambie nyumba njema si mlango:
ndani yeye haingii.
Seli hupita mbele ya leza moja moja,
kama foleni ya mkate ya enzi zile,
kila moja huonyesha ilichovaa
kisha hudondokea kwenye chupa ya taka.

Na hakuna mlango uliotulia, hilo analijua.
Seli T iliyolala ina kulabu zake nje,
namba sitini na mbili, za kushikia kuta za mishipa.
Iamshe.
Chai haijapoa, mkasi umeshapita,
kulabu zinaelea kwenye damu kama kucha zilizokatwa.
Huko kwenye kiini barua inaandikwa, inatoka,
inasomwa, inakunjwa protini, inasukumwa hadi kwenye utando,
na kabla ya zamu kwisha sitini na tisa imechomoza
mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kitu.
Kipokezi kilichomgusa mgeni
kimerudishwa ndani upesi,
mkono uliogusa sufuria ya moto.

Januari, theluji imegeuka tope,
kikaja kijichupa cha mzee Vendel, mstaafu wa reli.
Saratani ya damu, ya seli B.
Dawa aliyotiwa ilifunzwa jina moja tu, kumi na tisa:
ulionapo, ua.
Na sasa kwenye skrini, palipokuwa na wingu zito la nukta,
peupe.
Daktari Szilárd alichungulia na koti lake mwilini.
"Zimekwisha. Mpigie binti yake."

Hakupiga.

Weupe ule ulikuwa safi kupita kiasi,
sakafu iliyopigwa deki saa nane za usiku.
Mlango wa namna hiyo aliwahi kuuona.
Mwaka ambao watu walichukuliwa kwa orodha
bibi yake alipanda kiti cha jikoni
akiwa na kisu cha siagi,
akafungua skrubu nne za kibao cha jina.
Etelka hakuwa amezaliwa. Alionyeshwa matundu.
Manne, yamejaa rangi,
na nyuma ya mlango, siku zile, watu sita
walikuwa wakimenya viazi bila taa.

Akachukua tone lililobaki.
Safari hii hakuuliza jina, aliuliza kitasa:
kingamwili ya ishirini na mbili, rangi ya kijani,
dakika ishirini gizani, kuosha, kupitisha.
Zikaja.
Arobaini na tatu katika laki moja.
Zilikuwa zimeruka ukurasa mmoja wa barua,
jina likashindwa kukunjika sawasawa,
likakwama ndani, halikufika barazani.
Hazikuwa na akili ya kutunga hila,
zilizobaki na kibao zilikufa, basi,
hizi ndizo zilizosalia kuhesabiwa.

Angetaka kuzichukia.
Aliandika takwimu, akafuta, akaandika tena,
akaongeza sentensi moja chini: *Zipo. Zimevua jina.*
Szilárd aliisoma amesimama, kisha akaketi,
akauliza kama kuna kahawa.
Juu yao tramu ya namba moja ilipita
na viatu vya watu vikakimbilia kuidaka.

Binti ya mzee anaitwa Kinga.
Ni jina la kwao huko, la kale, la kanisani,
wala halina habari na neno letu sisi.
Etelka alibonyeza tarakimu polepole,
akakohoa, akasubiri.
Simu iliita mara sita.
"Kinga?" akasema.
Na upande wa pili, kwa sauti ya usingizi,
mtu akaitika.